SOMO: Bolti ya baiskeli ikazwe mpaka wapi?

Bolti ya kwanza kunikatikia mkononi ilikuwa ya kibano cha kiti. Kiti kilikuwa kinashuka kila nikipanda, basi nikaongeza robo mzunguko, kikashuka tena, nikaongeza robo nyingine. Kabla ya kukatika ikafanya kitu ambacho sijakisahau: ililainika. Spana ilizunguka kwa wepisi, nikadhani imekubali. Kufumba na kufumbua kichwa cha bolti kiko kwenye spana, mwili wake umebaki ndani. Kumbe ule ulaini ndio chuma kilikuwa kinavutika moja kwa moja, hakirudi tena.

Tangu siku hiyo nikaacha kukaza kwa hasira. Nawawekea hapa ninavyofanya.

Kwanza tuelewane bolti inafanya kazi gani. Bolti ni springi. Ukiikaza inarefuka kiasi kidogo ambacho jicho halikioni, na kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inavibana vile vitu viwili pamoja. Huko kubana ndiko tunakokutaka. Shida ni kwamba mkono hausikii kubana, unasikia msuguano. Kwa bolti ya kawaida, ukigawa nguvu unayozungushia mafungu 10, kama 5 yanaliwa na msuguano chini ya kichwa, 4 yanaliwa kwenye hesi (ile mistari inayozunguka mwili wa bolti), na fungu 1 tu ndilo linaloivuta bolti. Ndiyo maana bolti yenye kutu inakuwa ngumu mkononi na bado haijabana kitu, na yenye grisi, kwa nguvu ileile, inabana zaidi.

Na msidhani bolti iliyolegea iko salama. Ikiwa imelegea, kila shimo la barabarani linaivuta na kuiachia, inachoka kama waya unaoukunja na kuukunjua, mwisho inakatika yenyewe bila mtu kuigusa. Bolti nyingi za kranki (mkono unaobeba pedeli) zinazokufa njiani zilianza kwa kulegea.

Nguvu ya kukaza inapimwa kwa nyutoni-mita, inaandikwa Nm. Hesabu yake ni nguvu unayovutia mara urefu wa spana. Kwa kazi zetu kuna njia ya mkato: chukua Nm, zidisha kwa 10, gawa kwa urefu wa spana kwa sentimita, unapata kilo za kuvuta. Nm 5 kwa ufunguo wa L wa sentimita 10 ni kilo 5. Nm 40 kwa spana ya sentimita 20 ni kilo 20. Tofauti ni kubwa, lakini mtu anakaza zote mbili kwa mkono uleule na roho ileile.

Hatua ya 1: Soma kifaa chenyewe

Vifaa vingi vya siku hizi vimechongwa namba pembeni ya bolti. Kama kimeandikwa "max 6 Nm", 6 ni ukuta, usiulenge. Anzia 5 uone kama kinashika. Kisipoandikwa kitu, mimi natumia hizi, kwa vifaa vya alumini na chuma:

Kibano cha chupa ya maji: 2 hadi 3
Shingo ya usukani (kipande kinachounganisha usukani na uma wa gurudumu la mbele), mbele na pembeni: 5 hadi 6
Kibano cha kiti kwenye fremu: 5 hadi 7
Bolti inayobana waya wa breki: 6 hadi 8
Kaliper ya breki ya diski (kile kinachoibana diski) kwenye fremu: 6 hadi 8
Kranki ya kisasa yenye bolti mbili pembeni: 12 hadi 14
Kranki ya mhimili wa mraba: 35 hadi 50
Pedeli: 35 hadi 40
Pete ya kufungia kaseti (gia za gurudumu la nyuma): 40
Nati za gurudumu la nyuma: 30 hadi 45

Ukiiangalia vizuri orodha hiyo utaona siri yake. Vitu vinavyokumbatia bomba jembamba vinataka kidogo, na vinavyobeba mguu wako vinataka kingi. Wanaoanza wanafanya kinyume: wanaiua shingo ya usukani kwa kuiogopa, halafu pedeli wanaigusa tu.

Hatua ya 2: Safisha, kisha paka

Futa hesi kwa kitambaa, toa mchanga. Paka grisi kidogo kwenye hesi na chini ya kichwa. Pedeli usiifunge kavu hata siku moja, kwa sababu chuma cha pedeli na alumini ya kranki vikikaa na maji miaka miwili vinaoana. Bolti ndogo zinazotikisika sana, kama za diski ya breki, ziwekewe gundi ya hesi ya bluu badala ya grisi. Ile nyekundu iacheni, kuifungua mpaka uipashe moto.

Palipo na kaboni (vifaa vya nyuzi nyepesi zilizogandishwa kwa gundi) hapawekwi grisi ya kawaida. Kuna rojo lenye chenga ndogo ambalo linaongeza mshiko, hivyo unakaza kidogo na bado kitu hakitelezi.

Hatua ya 3: Anza kwa vidole

Weka bolti, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka usikie kama imedondoka ngazi moja. Hapo hesi zimekutana. Sasa izungushe mbele kwa vidole vitupu. Kama haiendi mizunguko mitatu kwa vidole, imeingia upande. Toa, anza upya. Anayeanza na spana ndiye anayeua hesi za fremu, na hesi za fremu haziuzwi dukani.

Hatua ya 4: Kaza kwa zamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu shingo ya usukani ndipo watu wanapoumia. Sahani ya mbele ina bolti nne. Kaza ya juu kushoto kidogo, nenda ya chini kulia, kisha ya juu kulia, kisha ya chini kushoto. Nusu mzunguko kila moja, baadaye robo, mwisho kidogo sana. Kila raundi angalia mwanya kati ya sahani na shingo: wa juu na wa chini uwe sawa, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza upande mmoja ufungwe kabisa kwanza. Na ujue ukimaliza ya nne, ya kwanza imelegea. Sahani imesogea, bolti imepumua. Rudia mzunguko mpaka zote nne zinakataa kwa namba ileile.

Bolti moja iliyo juu kabisa, kwenye kofia ya shingo, haishiki usukani. Kazi yake ni kuondoa mchezo kwenye gololi za uma tu. Legeza kwanza bolti mbili za pembeni, ndipo uguse ya juu, kidogo, mpaka usukani hauchezi ukishika breki ya mbele na kusukuma, lakini bado unageuka bila kukwama. Nyoosha shingo ifuate gurudumu, kisha kaza za pembeni kwa zamu. Mtu akiikaza ya juu kwa nguvu akitaka usukani usigeuke, anaua gololi na usukani unageuka vilevile.

Hatua ya 5: Pima

Mwenye spana ya kupimia, hii tunayoiita toki, aishike katikati ya mpini, avute polepole, akisikia "tik" ya kwanza aache. Watu wanapenda kuibofya mara tatu wahakikishe. Kila bofyo ni kukaza tena. Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, na usiifungulie bolti zilizoganda.

Asiye nayo atafute mizani ya ndoano, ya kuning'inizia mzigo. Weka ufunguo wa L kwenye bolti, pima kutoka katikati ya bolti mpaka sentimita 10, weka alama ya kalamu, nasa ndoano hapo. Vuta kwa pembe mraba na ufunguo, sio kimshazari. Mizani ikisoma 5, umefika Nm 5. Kishenzi kidogo, lakini kinafanya kazi. Fanya hivyo mara kumi kisha jaribu bila mizani, halafu pima tena ujione ulivyokosea. Mimi mara ya kwanza nilidhani niko 5, mizani ikaniambia 9.

Tafadhali, spana malaya (ile ya kurekebisha taya) ikae mbali na nati ndogo. Taya zake zinacheza, inakula pembe za nati, na mpini wake ni mrefu kuliko kazi yenyewe.

Hatua ya 6: Weka alama

Chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye kifaa. Mstari ukikatika, bolti imezunguka, unaiona bila kugusa spana. Kranki mpya ya mraba ikague baada ya safari ya kwanza au mbili. Ikilegea ukaendelea kuendesha, tundu la alumini linapanuka, na hapo hakuna Nm itakayokusaidia. Lakini kila wiki usiikaze "kwa usalama" tu. Mkono wa kranki unazidi kupanda kwenye mhimili mpaka unapasuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu asante kwa somo. Pedeli ya kushoto imenigomea kabisa. Nimechomeka bomba kwenye spana mpaka spana imepinda.

Pole sana ndugu, ulikuwa unaikaza. Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume, inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Sahau kushoto na kulia: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma unafungua, kuelekea gurudumu la mbele unafunga, pande zote mbili. Sasa mwagia mafuta ya kupenyeza, iache usiku kucha, asubuhi vuta kuelekea nyuma. Bomba litakusaidia safari hii.

Mwalimu, kiti changu kinashuka kama cha kwako. Nimekaza mpaka bolti inalia. Nifanyeje?

Iache hapo hapo, inalia kweli. Toa nguzo ya kiti usome namba iliyochongwa chini. Fremu ikitaka 27.2 na wewe umeweka 27.0, hiyo tofauti ya milimita 0.2 ndiyo mwizi wako, na bolti haiwezi kuiziba. Namba zikiwa sawa, futa grisi yote kwenye nguzo na ndani ya fremu, angalia kibano hakijapinda mpaka midomo yake imekutana, paka rojo lenye chenga, kaza 6. Ila kwa nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, grisi naiweka nyembamba sana, isigande. Ile bolti ya kibano ndiyo inapata grisi vizuri.

Mimi ni fundi, miaka mingi sasa, sijawahi kushika toki na wateja wangu wako hai. Hamwoni mnatishana?

Shikamoo fundi. Sibishi, mkono wako ni toki, ila ulipimwa kwa bolti ulizozivunja ukiwa mwanafunzi. Angalia pia unavyoshika: nina uhakika bolti ndogo unazikaza kwa kushika ufunguo karibu na kona, sio mwisho wake. Huko kufupisha spana ndiko kupima. Ninapokuomba utumie chombo ni kwenye kaboni tu. Chuma kinakuonya, kinalainika, unasikia. Kaboni inapasuka tabaka za ndani huku juu inang'aa, na inakuja kukatika mwezi mwingine mtu akiwa mteremkoni.

Bolti imekatika ndani kama yako. Nitupe shingo?

Usitupe bado. Kichwa kikishakatika, ule mvuto umeisha, kipande kilichobaki mara nyingi kimelegea. Chukua kitu chenye ncha kali, kigonge taratibu pembeni mwa kipande, upande wa kufungulia. Cha kwangu kilitoka hivyo, dakika tano. Kikigoma, mpelekee mwenye keekee ya kukata kinyume.

Na mimi gurudumu langu halina nati, lina mkono wa kukunja. Huo unapimwa Nm ngapi, dada yangu kaniambia unazungushwa tu mpaka ukaze?

Mwambie dada, kwa heshima zote, huo hauzungushwi kama nati yenye mabawa. Unakunjwa. Shika nati ya upande wa pili, rekebisha mpaka mkono uanze kugoma ukiwa umesimama wima kutoka kwenye gurudumu, katikati ya wazi na kufungwa. Kisha ukandamize kwa kiganja mpaka ulale. Fungua mkono uangalie kiganja: kama alama ya chuma imejichora kwenye ngozi, imetosha. Usipoiona alama, fungua, kaza nati ya pili robo mzunguko, funga tena. Ukishindwa kuulaza kwa kiganja kimoja, rudisha nati nyuma kidogo.