Umeahidiwa kingine, umepewa kingine: jinsi ya kujikinga kabla ya kutia sahihi kontra (mkataba wa kazi) Lubumbashi, Kongo (DRC)

Kazi nyingi za migodi hupitia kampuni za sutretansi, yaani zinazoajiri watu kwa niaba ya mgodi. Anayekuhoji mjini ni mmoja, atakayekuamuru kule mgodini ni mwingine, na yule wa kwanza anataka watu haraka. Ndiyo maana ahadi tamu hupotea njiani. Basi usianze na mshahara. Anza hivi: "Shefu, kontra itaandikwa kwa jina la kampuni gani, na kila siku nitafanyia kazi wapi?" Kama karatasi inasema "popote kampuni itakapohitaji", ujue hata Kolwezi, mji wa migodi ulio kilomita zipatazo 300 kutoka Lubumbashi, imo.

Kwenye mshahara, uliza ni brut (kabla ya makato) au net (kitakachofika mkononi). Kwenye brut utakatwa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), kisha kodi ya mshahara. Uliza pia kama transporti na nyumba vimehesabiwa humohumo, na kama ni dola au faranga, kwa bei gani ya kubadilisha. Hapa ndipo watu wengi huumia: wanasikia jumla kubwa, mwisho wa mwezi wanapokea pungufu.

Siku hiyohiyo ya mahojiano, kabla ya usiku, mwandikie aliyekuhoji kwa WhatsApp: "Asante, Shefu. Nimeelewa hivi: kazi ya ufundi umeme, Lubumbashi, saa 45 kwa wiki, dola kadhaa net, miezi 12. Kama nimekosea, unisahihishe." Jaza tarakimu kamili. Jibu lake lihifadhi, hata likiwa neno moja tu. Akikwepa kuandika alichokisema kwa mdomo, umeshajibiwa.

Ukiletewa kontra, omba siku mbili za kuisoma nyumbani. Angalia cheo, mahali, muda wa kontra na kipindi cha majaribio. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inataka majaribio yaandikwe. Yasizidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine. CDD (kontra ya muda maalumu) haizidi miaka miwili, au mwaka mmoja kwa aliyeoa au kuolewa anayeishi mbali na familia yake, na kwa kawaida hurudiwa mara moja tu. Kazi ya kudumu inatakiwa kuwa CDI (kontra isiyo na kikomo).

Anayeajiriwa siku kwa siku ahesabu siku zake. Akishafanya 22 ndani ya miezi miwili, akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na CDI. Hata asiye na karatasi yoyote sheria inamchukulia hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo tunza picha ya baji, ratiba ya zamu na ujumbe wa malipo ya simu.

Ukifika na kukuta umeahidiwa ofisi ukapewa koleo, usiache tu kwenda kazini. Utoro hugeuzwa kosa zito, na kuvunja CDD katikati kunaweza kukuletea madai ya fidia. Andika barua fupi kwa mwajiri, nakala mbili; yako wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa muhuri, nenda na shahidi. Asipojibu, peleka barua, kontra na ujumbe wa WhatsApp kwa Inspeksheni ya Kazi, ofisi ya serikali inayosimamia sheria ya kazi. Huko ndiko kwenye usuluhishi, na mahakama ya kazi itadai upitie kwanza huko.