Kuthibitisha kundi la galaksi ukiwa Kisumu, bila darubini yako

Wiki jana nilikesha na binti mmoja wa chuo, yeye na doa lake la galaksi nyekundu alilolipata pichani. "Mwalimu, si hili ni kundi tayari?" Bado. Simama ufuoni Dunga usiku utazame taa za wavuvi wa omena: mbili zinaonekana zimeshikana, kumbe moja iko hapa karibu na nyingine ng'ambo huko. Picha haipimi umbali. Spektra, yaani mwanga wa galaksi uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake, ndiyo hupima.

Hatua ya 1. Pakua spektra za Sloan, darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico; ni za bure. Chukua galaksi zilizo ndani ya dakika 3 za tao (dakika 60 ni digrii moja ya anga) kutoka katikati ya doa. Kwa mhamo mwekundu (kiasi mwanga ulivyonyooshwa kuelekea wekundu, ishara ya umbali) wa 0.4, hiyo ni karibu megaparseki 1, yaani miaka ya nuru kama milioni 3.3.

Hatua ya 2. Fungua TOPCAT, programu ya majedwali ya wanaastronomia (usiniletee Excel), uchore rangi dhidi ya mng'ao. Galaksi kuukuu za kundi hujipanga mstari.

Hatua ya 3. Soma mhamo kwa macho yako. Spektra ya galaksi kuukuu ina mabonde mawili, pale kalisi inapomeza mwanga: 3934 na 3969 angstromu (kipimo cha urefu wa wimbi). Kwa mhamo wa 0.4 yanasogea hadi karibu 5508 na 5557.

Hapa nilipoteza wikendi nzima nilipokuwa naanza. Nilikuwa na galaksi sita hafifu, kila moja na mwiba mmoja mrefu wa mwanga kwenye spektra, nikauita mstari wa oksijeni wa 3727. Zote zikanipa 0.496. Nikaamini kuna kundi la pili nyuma ya la kwanza, nikampigia mwenzangu simu usiku wa manane kumtangazia. Kumbe mwiba ule ni 5577, oksijeni ya anga letu wenyewe, inayong'aa usiku kucha na isiyofutika vizuri data inaposafishwa. Gawanya 5577 kwa 3727 uone.

Namba zenyewe zilitosha kunishtua. Galaksi za kundi la kweli hukimbizana kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, kwa hiyo mihamo yao hutofautiana kwenye desimali ya tatu. Sita kufanana kabisa?

Basi mstari mmoja siukubali, hata safu ya ZWARNING, ile ya maonyo ya Sloan kuhusu mhamo, ikisema sifuri (hakuna onyo). Nataka mabonde yote mawili, pamoja na mwanga kuporomoka kushoto ya 4000 (kwa 0.4, tazama 5600). Na kwa kuwa bonde la pili limekaa angstromu 20 tu kutoka mwiba ule, tafuta shahidi mwingine mbali nao: magnesi ya 5175, ambayo sasa iko karibu 7245.

Hatua ya 4. Tafuta mhamo wa kati, kisha kasi ya kila galaksi: tofauti ya mhamo mara kasi ya mwanga, gawanya kwa moja jumlisha mhamo wa kati. Binti alisahau kugawanya, kasi zake zikavimba kwa asilimia 40. Anayezidi kilomita 3000 kwa sekunde mtoe. Wakibaki watano, na galaksi ing'aayo kuliko zote imo, mimi nasaini.