Chumvi yenye madini joto kwa mbuzi wenye mimba

Wenzangu mnaofuga mbuzi hapa Pemba, mbuzi mwenye mimba anayelishwa maganda au majani ya muhogo mchanganyieni kwenye pumba chumvi ya pakiti yenye madini joto, gramu 5 kwa kila kilo ya pumba, badala ya chumvi ghafi ya mashamba ya chumvi, ambayo ijapokuwa imetoka baharini ina madini joto kidogo mno. Muhogo una sumu ambayo, mwili unapoivunja, huacha kemikali inayoizuia tezi ya shingo kuchukua madini joto, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni: huzaliwa dhaifu, pengine bila manyoya, shingo imevimba. Chumvi itiwe wakati wa kulisha tu na iliyobaki ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, kwa sababu unyevunyevu wa visiwani huyapoteza madini hayo. Iliyoachwa wazi bandani ikarowa mvua za masika siitegemei hata kidogo. Njia hii haitoshi pale muhogo unapokuwa ndio chakula kikuu, wala haimtibu mwanambuzi aliyekwisha kuzaliwa na uvimbe, ambaye ni wa kuonwa na daktari wa mifugo mapema. Tafadhali msiongeze mwani kwa kukisia, kwani madini joto yakizidi huidhuru tezi ileile.