Kuchagua chuma cha kulehemu kisichohitaji soketi
Kabla ya kununua chuma cha kulehemu cha kutumia mahali pasipo na umeme, tazama kwanza unene wa nyaya utakazoziunga, kwa kuwa risasi ya kulehemia yenye bati asilimia 60 huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 190 za Selsiasi, lakini waya mnene wa sola hunyonya joto upesi kuliko chuma dhaifu kinavyoweza kulirudisha. Ndiyo maana sipendekezi vile vinavyotumia betri ndogo za tochi, ambavyo vinafaa kwa nyaya nyembamba za redio tu.

Kwa fundi anayefanya kazi juu ya mapaa au anayeunga nyaya za gari njiani, cha gesi ya butani hupata joto haraka na hujazwa kwa kopo la kujazia viberiti vya gesi, ila hewa ya moto inayotoka ubavuni huweza kuyeyusha ganda la waya wa jirani.

Kwa bodi za elektroniki, binafsi nachagua kinachotumia USB-C, mradi pawabenki iwe na uwezo wa kutoa volti 20. Baadhi hukubali pia betri ya volti 12, lakini nguvu hufuata mraba wa volti, hivyo ncha ileile hubaki na kidogo zaidi ya theluthi moja ya nguvu yake. Hakikisha pia kwamba ncha za akiba zinapatikana karibu nawe, kwani ndizo huchakaa kwanza.