Jinsi ya kujiwekea lengo la kusoma riwaya bila kujitesa

Kila Januari utasikia mtu anasema mwaka huu nasoma vitabu 50, ikifika Machi kakwama ukurasa wa 30 wa kitabu cha kwanza na hataki hata kukiona. Shida ni hiyo hesabu. Ukilenga idadi ya vitabu utaanza kutafuta vyembamba afu unavisoma mbiombio ili uweke tiki, sasa raha iko wapi hapo?

Hesabu kurasa. 10 kwa siku zinatosha kabisa, yani riwaya ya kurasa 200 unaimaliza kwa siku 20, na hata ukiumwa au ukipata safari bado mwezi haujaisha. Na usizilipe deni, ukikosa jana leo soma 10 zako tu, ukianza kusema leo nasoma 40 kufidia ndo mwanzo wa kuacha.

Kuhusu kuchagua, shule ilituharibu kidogo maana riwaya tulisoma ili tujibu dhamira na migogoro, kwa iyo mtu mzima akitaka kurudi kwenye kusoma anajibebesha kitu kizito aonekane msomaji. Nagona ya Kezilahabi ni kajitabu kembamba ila kanakuzungusha kichwa, sio ya kuanzia hata kidogo. Anza na upelelezi jamani. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla imetoka 1960 na mpaka leo mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum wanakufanya usilale, au tafuta vitabu vya mpelelezi Joram Kiango vya Ben Mtobwa, au vya jasusi Willy Gamba vya Elvis Musiba kama unapenda majasusi na risasi. Ukishanogewa ndo uingie Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ile ya Yasmin anayeozeshwa mzee Zanzibar ya enzi za ukoloni, hapo utasahau kabisa kama ulikuwa unahesabu kurasa.

Muda upo, umejificha tu. Maharage yakiwa jikoni hayo ni kurasa 15 mpaka yaive (yakiwa ya zamani hata 25). Kitabu kikae kwenye begi na simu ikae chaji chumba kingine, sio mezani umeifunika, tunajuana. Kama unasoma pidiefu kwenye simu zima data kwanza maana meseji moja ya wasapu na umeshapotea nusu saa.

Halafu penseli. Jalada la nyuma kwa ndani andika majina ya wahusika kadri wanavyotokea, fulani mke wa fulani, fulani ndo aliyeiba barua. Ukikaa siku tatu hujasoma unarudi hapo unaendelea, bila hivyo unaanza upya na kuanza upya kunachosha.

Kikikuboa mpaka ukurasa wa 50 kiache, chukua kingine, kurasa ulizosoma zinahesabika vilevile.

Hela isiwe kisingizio, maktaba za mikoa zina rafu za riwaya ambazo haziguswi, na vya mtumba vinapangwa chini barabarani. Ila kabla hujalipa fungua kurasa za mwisho uhakikishe zipo, maana riwaya ya upelelezi iliyochanika mwisho na muuza hajui muuaji ni nani, hiyo inauma vibaya.