Kuokoa Injini ya Treni ya Mvuke Isikatwe Skrapu: Mwongozo kwa Kamati za Michango

Injini iliyolazwa kwenye reli ya pembeni haiuzwi kwa siku moja. Huingizwa kwenye orodha ya mali isiyohitajika, hukaguliwa, huwekewa bei ya chini kabisa inayokubalika, hutangazwa, ndipo mnunuzi aje na mitungi ya gesi ya kukatia. Harambee inayoanza baada ya tangazo la mnada kwa kawaida huchelewa. Kwa hiyo barua itangulie pesa: mwandikieni mwenye mali mkiuliza injini imefikia hatua gani, nanyi mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Ili barua hiyo izingatiwe, lazima itaje injini yenyewe. Nambari huwa ubavuni mwa kibanda cha dereva. Katika mfumo wa Reli za Afrika Mashariki, tarakimu mbili za kwanza ni daraja na mbili za mwisho ni nafasi ya injini katika daraja hilo, hivyo 5918 ni ya 18 katika daraja la 59. Vibao vikiwa vimeibwa, kwangueni grisi kwenye vyuma virefu vinavyounganisha magurudumu, kwa maana mafundi wa karakana walikuwa wakigonga nambari humo. Mkikuta nambari mbili tofauti, andikeni zote. Karakana zilihamisha vipuri kutoka injini moja hadi nyingine.

Nambari ndiyo itakayowaonyesha wachangiaji uzito wa jambo hili. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilitengeneza injini 34 za daraja la 59 za aina ya Garratt, yaani zenye boila katikati ya seti mbili za magurudumu, mwaka 1955 na 1956, kila moja ya tani 252 hivi. Zimebaki mbili tu, 5918 na 5930, nazo ziko Nairobi. Nyingine 32 zimekwisha kabisa. Mtu akielezwa hivyo haulizi tena kwa nini mnahangaikia chuma kilichoota kutu.

Mlango wa kisheria

Watu wengi hudhani kwamba injini ya zamani inalindwa moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, ilhali ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza 1896 na kufika Kisumu 1901. Maana yake ni kwamba injini za reli hii ziko nje ya ulinzi huo, mpaka waziri azitangaze kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Peleka ombi la kutangazwa kwa Makavazi ya Taifa mapema, ukiambatisha picha, nambari na historia ya injini.

Mlango wa pili ndio tunaoupendekeza zaidi. Sheria ya ununuzi wa umma na utoaji wa mali ya 2015 haiishii kwenye mnada na zabuni. Inaruhusu pia mali ya umma ihamishiwe taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Kamati ya raia haihesabiki kuwa taasisi ya umma, lakini serikali ya kaunti ya Nakuru au ya Kisumu inahesabika, na Makavazi vilevile. Basi kaunti iombe kuhamishiwa injini, nanyi mtie sahihi mkataba nayo wa kulipia usafirishaji na utunzaji. Mkataba useme wazi kwamba injini haiwezi kuuzwa wala kukatwa bila idhini ya pande zote mbili. Kipengele hicho kikikosekana, gavana ajaye anaweza kuiuza yote.

Ikiwa mfanyabiashara wa vyuma ameshainunua, jambo la kwanza la kumwomba ni muda, na auandike. Huko Barry, Wales, injini 213 ziliokolewa kutoka yadi moja ya skrapu kati ya 1968 na 1990, kwa sababu mwenye yadi alikuwa anakata mabehewa kwanza na akayapa makundi ya wapenzi wa reli muda wa kuchanga. Mfanyabiashara hutaka bei ya kilo, faida yake, na nafasi yake ya yadi. Mlipeni amana na mkubaliane tarehe ya mwisho.

Hesabu ya pesa

Bei ya skrapu ni uzito mara bei ya kilo. Tukichukua mfano wa injini ya tani 100 na bei ya shilingi 40 kwa kilo, ni shilingi milioni 4. Kamati nyingi huishia hapo, na hapo ndipo huvunjika. Injini inanunuliwa, kisha inabaki pale pale ikiibiwa kwa sababu hakuna pesa ya kreni. Gawanyeni lengo tangu siku ya kwanza katika mafungu manne: amana ya kusimamisha ukataji, bei ya kununua, kuhamisha, na mahali pa kuiweka pamoja na mlinzi. Msitangaze fungu la kununua kabla hamjapata bei za maandishi za kreni na lori kutoka kwa wakandarasi wasiopungua watatu.

Sajilini kundi, fungueni akaunti ya benki kwa jina lake, na nambari ya Paybill iingize pesa kwenye akaunti hiyo hiyo. Simu ya mtu binafsi isipokee mchango hata mmoja, hata wa mwenyekiti. Waweka sahihi wawe watatu. Taarifa ya M-Pesa isomwe na mweka hazina pamoja na mtu mmoja asiye wa kamati, na jumla itangazwe kila wiki hata kama haijasogea. Ulizeni ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kuhusu kibali cha kuchangisha umma kabla ya kusimama sokoni na ndoo. Kisha andikeni kwenye kila bango pesa zitakwenda wapi injini ikikosekana: zitarudishwa, au zitatunza injini nyingine iliyotajwa kwa nambari. Swali hilo huulizwa na wachangiaji wakubwa kabla ya jingine lolote.

Watu huchangia vizuri kitu wanachoweza kukihesabu. Reli ya maonyesho ya mita 30, mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli) yakipishana sentimita 70, inahitaji mataruma 44 hivi. Familia au darasa la shule likinunua taruma moja, jina lao linaandikwa kwenye ubao kando ya reli. Wastaafu wa reli wa Nakuru na Kisumu msiwatazamie pesa kwanza. Waombeni waje waikague injini, kwa kuwa wao ndio wanaojua kipi kilifunguliwa na kipi hakijafunguliwa.

Mambo ya kufanya kabla ya kuisogeza

Wezi hutaka shaba: firimbi, vioo vya kupimia maji na koki zake, injekta, valvu za usalama, mabomba ya mafuta, vibao. Mkipata ruhusa ya mwenye mali, vifungueni wenyewe, vipigeni picha, vifungieni vibati vya nambari, na viwekwe kwenye chumba chenye kufuli mbili. Bolti irudishwe kwenye tundu lake palepale.

Msibandue bati linalofunika boila. Injini nyingi za wakati ule zilifungwa asbesto chini yake, na vumbi lake husababisha kansa miaka mingi baadaye. Kazi hiyo ni ya mkandarasi mwenye leseni, kwa utaratibu wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Kama reli bado imeungana, kuivuta ni nafuu kuliko lori. Reli yetu ya zamani ni ya upana wa mita moja, kwa hiyo reli mpya ya SGR, iliyo pana zaidi, haisaidii kitu. Ondoeni vyuma vinavyounganisha pistoni na magurudumu ili silinda kavu zisikwaruzwe, fungueni kila boksi la ekseli (kisanduku cha mafuta kinachoshika ncha ya ekseli), ondoeni maji na kutu, wekeni pamba na mafuta mapya. Breki zake zikiwa hazifanyi kazi, lazima pawe na behewa lenye breki nyuma yake. Msafara uende polepole na usimame kila kilomita chache ili mafundi waguse maboksi. Likianza kuunguza mkono, safari imekwisha hadi lipoe na lichunguzwe. Atakayesema mbele kidogo tu ndiye atakayewavunjia ekseli.

Kwa barabara, lori na mzigo vikizidi tani 56 mnahitaji kibali maalum cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Tenganisheni injini na tenda, yaani behewa la maji na mafuta linaloifuata. Garratt hutenganishwa sehemu tatu, yaani tangi la mbele, boila katikati, na sehemu ya nyuma. Nyaya za kreni zifungwe kwenye fremu, kamwe zisipite chini ya boila pekee.

Mahali pa kuiweka

Kokoto na mfereji wa maji kwanza, reli baadaye, paa kabla ya rangi. Rangi bila paa hudumu misimu michache tu ya mvua. Ondoeni masizi yote kwenye kisanduku cha moshi, kwa sababu masizi ya mafuta yana salfa, na yakilowa hula bati kwa ndani huku nje pakipendeza. Fungueni plagi za kuoshea boila ili ikauke, mzibe dohani kwa kifuniko na matundu kwa wavu. Nyuki hupenda sana matangi matupu.

Msimwahidi mchangiaji yeyote kwamba itatoa mvuke tena. Ili iwashwe, unene wa bati la boila hupimwa kwa mawimbi ya sauti, mirija hubadilishwa, kisha boila hujazwa maji baridi na kupimwa kwa mara moja na nusu ya shinikizo lake la kazi. Kwa injini ya pauni 200, hilo ni pauni 300 kwa inchi ya mraba. Huo ni mchango mwingine, wenye bajeti yake na mkaguzi wake. Kwa sasa pakeni grisi nzito kwenye fimbo za pistoni na ekseli kila kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, na daftari la kazi hiyo likae mahali injini ilipo.