Kabla Hujatuma Alama za SAT Vyuoni Marekani

Anza na chuo, ndipo uje kwenye alama zako. Korona ilipoingia mwaka 2020, vyuo vingi vya Marekani viliifanya SAT na ACT, mitihani ya kuombea nafasi chuoni, kuwa hiari, na habari hiyo bado inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya waombaji kana kwamba ni ya jana. MIT iliirudisha kuwa lazima mwaka 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech nazo zikatangaza kuirudisha. Kwa upande mwingine, University of California, yenye Berkeley na UCLA, haizitazami kabisa alama hizo inapochagua wanafunzi, hata ukiwa na 1600 kamili. Basi fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo, hakikisha ni wa mwaka unaoomba wewe, kisha andika daftarini: lazima, hiari, au haitazamwi.

Palipo na lazima, soma ni mitihani ipi inayokubalika. Yale ilitaja minne: SAT, ACT, na ile ya masomo ya sekondari, AP na IB. Kidato cha sita cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, hakimo. Dartmouth ilipotangaza uamuzi wake ililegeza zaidi kwa waombaji wa nje: SAT, ACT, AP, au matokeo ya IB, A-Level au mtihani wa taifa unaolingana nayo. Kwa mtoto wa Songea, tofauti hiyo ni ada ya mtihani, nauli na pa kulala.

Penye hiari ndipo watu wanapokosea. Ushauri wa kawaida ni kutazama alama za waliopokelewa, na ukiwa chini ya katikati, ufiche zako. Takwimu zenyewe zipo: vyuo vingi huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set, na sehemu ya C9 huonyesha robo ya chini (alama ambayo robo ya waliotuma wako chini yake), katikati na robo ya juu. Zitafute, ila zisome kwa tahadhari. Chuo kinapoifanya mitihani kuwa hiari, wenye alama za chini hawatumi, kwa hiyo unachokiona ni picha ya waliojiamini tu. Tena afisa wa udahili husoma alama akiwa na taarifa za shule yako mkononi. Watafiti wa Dartmouth walikuta mamia ya waombaji wa mazingira duni, wenye alama za 1400 na ushei, waliozificha ilhali zingewasaidia. Nina hakika wa kwetu wengi wangeangukia humo. 1420 ya shule ya kata ambayo mwalimu wa hesabu ni mmoja haisomwi sawa na 1420 ya shule ya kulipia ya Connecticut. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ukifika robo ya chini, tuma. Hata ukiwa chini yake kidogo, kama shule yako si ya watu wanaojua SAT, tuma. Ficha pale tu alama ziko mbali sana na robo hiyo na matokeo yako ya darasani yanakusemea vizuri zaidi.

Kama ulifanya zaidi ya mara moja, usikimbilie kutuma matokeo ya kikao chenye jumla kubwa peke yake. SAT ina sehemu mbili, kila moja kuanzia 200 hadi 800, na vyuo vingi huchukua alama ya juu ya kila sehemu bila kujali ni ya kikao kipi. Tuseme Agosti ulipata 640 katika kusoma na kuandika na 760 katika hesabu, Oktoba ukapata 700 na 720. Ukituma vikao vyote viwili, utahesabiwa 1460. College Board, wenye mtihani wa SAT, hukuruhusu kuchagua kikao, lakini huwezi kukata sehemu moja ya kikao ukaacha nyingine. Georgetown, kwa miaka mingi, imekuwa ikitaka vikao vyote.

Usilipie mapema ripoti rasmi ya alama inayotumwa chuoni na College Board. Vyuo vingi hukubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu, kisha huomba ripoti ukishapokelewa. Ripoti nne za bure za SAT hutolewa ukitaja vyuo kabla ya siku tisa kupita baada ya mtihani, wakati ambapo huenda hujaona hata alama zako.

TOEFL na IELTS, mitihani ya Kiingereza, zina hesabu yake: matokeo hudumu miaka miwili, na SAT nzuri si lazima ikuondolee sharti la Kiingereza. Angalia pia majina. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na pasipoti ina matatu, jisajili mitihani yote kwa majina ya pasipoti, na tofauti hiyo uieleze kwenye maombi kabla hujaulizwa.